WAPISHI WA CHUMA: VITA VYA SAA MOJA JIKONI

Upishi ni miongoni mwa kazi ambazo kila mtu huzihitaji kila siku, na ni wachache wanaozitaja kwa heshima. Askari akirudi kutoka lindoni hukuta chakula kimeandaliwa. Akala, akashiba, akaondoka. Akisifu, husifu nyama. Akilaumu, humlaumu mpishi. Kambini hali ni hiyo hiyo. Mpishi wa mesi huamka kabla ya tarumbeta, huwalisha watu mamia, na jina lake husikika siku ile tu ambayo maharagwe yameungua.

Kwa sababu hiyo, katika ukurasa wetu wa nyumbani juma hili, twapenda kuwasimulia habari za nchi moja ambayo iliwaweka wapishi ulingoni mithili ya mabondia. Walipambana mbele ya kamera za televisheni, wakahesabiwa dakika, wakapewa alama, na aliyeshindwa alishindwa mbele ya macho ya umma. Nchi hiyo ni Japani. Mashindano yenyewe yaliitwa Ryori no Tetsujin, maana yake Watu wa Chuma wa Upishi. Yalianza kuonyeshwa na televisheni ya Fuji ya mjini Tokyo tarehe 10 Oktoba 1993, yakaendelea kwa karibu miaka 6 hadi tarehe 24 Septemba 1999, na baadaye yakarudi mara chache katika vipindi maalumu.

Akina mama na akina baba watakaosoma habari hizi wataona kwamba yamo mengi ya kuchekesha na ya kustaajabisha. Lakini limo pia swali ambalo yatupasa kujiuliza: je, upishi bora hupimwa kwa kipimo gani?

ULINGO WA JIKO

Walioyatunga mashindano hayo walibuni kisa cha kuyapamba. Walisema kwamba alikuwako bwana mmoja tajiri sana, mpenda chakula, ambaye alijenga ndani ya ngome yake uwanja mkubwa wa kupikia, kisha akawaajiri mabingwa wa kila namna ya upishi ili wapigane na yeyote atakayethubutu kuja. Bwana huyo aliigizwa na Takeshi Kaga, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani nchini Japani. Alivaa majoho ya fahari yenye nakshi na glavu mikononi, na kipindi kilipoanza alionekana aking'ata pilipili hoho mbichi ya rangi ya manjano, ile isiyowasha, huku akitabasamu kama mtu aliyepata ushindi.

Mabingwa wake walipanda jukwaani kutoka chini, wakiwa wamesimama wima na mikono imekunjwa kifuani, katika mwanga na moshi. Kila mmoja alivaa vazi la rangi yake. Mgeni aliyekuja kupigana aliingia uwanjani, akamchagua bingwa mmoja kati yao, na hapo vita vikawa vimetangazwa.

Ndipo bwana wa ngome alipofunua kitambaa kilichofunika meza. Chini yake kilikuwapo chakula kimoja tu, ambacho ndicho kilichokuwa nguzo ya pambano la siku ile: pengine pweza, pengine biringani, pengine kaa, uyoga au nyama ya nguruwe. Wapishi wote wawili walipaswa kukitumia chakula hicho katika kila sahani waliyoiandaa. Walipewa dakika 60. Kila mmoja alikuwa na wasaidizi wawili, majiko ya moto mkali, na ghala iliyojaa viungo na mboga. Bwana Kaga akapaza sauti kwa Kifaransa kuwaamuru waanze kupika, kengele kubwa ikagongwa, na wapishi wakakimbilia chakula kile kana kwamba kitatoroka.

Upishi ule ulitangazwa kama mpira wa miguu. Mtangazaji Kenji Fukui aliketi juu na kueleza kila kisu kilichonyanyuliwa. Kando yake aliketi Yukio Hattori, mkuu wa chuo cha lishe na upishi mjini Tokyo, aliyefariki mwaka 2024, ambaye kazi yake ilikuwa kufafanua kwa nini mpishi fulani ametia siki mapema, au kwa nini mwingine amemwacha samaki apumzike kabla ya kumkata. Kijana mwingine, Shinichiro Ohta, alikimbia huku na huko kati ya majiko mawili akichungulia masufuria, na kila aliponusa jambo jipya alimwita Fukui kwa sauti ili ampe taarifa, kama askari wa doria anayeripoti kwa mkuu wake.

KANUNI NA ALAMA

Saa moja ilipokwisha, kengele ililia na mikono yote ikainuliwa kutoka mezani. Kwa kawaida kila mpishi alikuwa amekamilisha sahani nne, tano au zaidi, tangu mchuzi wa kufungulia hadi kitamutamu cha mwisho. Kwa kuwa chakula cha siku kilipaswa kuonekana katika kila sahani, hata aiskrimu iliyotiwa samaki haikuwa ajabu katika uwanja ule.

Chakula kiliwekwa mbele ya waonjaji. Hao walikuwa watu wa namna mbalimbali: waigizaji, wanasiasa, na wataalamu wa vyakula kama mwandishi wa habari Asako Kishi. Kila mwonjaji alikuwa na alama 20 za kutoa. Kati ya hizo, alama 10 zilikuwa za ladha, alama 5 za sura ya chakula sahanini, na alama 5 za ubunifu. Wapishi walipofungana, walirudishwa jikoni kupambana kwa dakika 30 nyingine, wakiwa na chakula kingine cha kupika.

Kwa mujibu wa kisa kile, mgeni aliyemshinda bingwa aliahidiwa shangwe ya watu na jina litakalodumu. Msomaji asidhani kwamba hayo yalikuwa mambo madogo. Mpishi mwenye mkahawa wake aliyeshindwa hadharani siku ya leo alikuwa na wateja wa kuwahudumia kesho yake. Naye bingwa aliyeshindwa alirudi juma lingine, akapanda tena jukwaani na mikono kifuani, akijua kwamba kila mtu anakumbuka alivyoanguka. Kwa watu wale kisu kilikuwa kazi, na kazi ilikuwa jina la nyumba zao.

MABINGWA WENYEWE

Bingwa wa kwanza wa upishi wa Kijapani alikuwa Rokusaburo Michiba, mzee aliyezaliwa mwaka 1931. Wenzake walipokuwa wakikimbia, yeye alichukua karatasi na brashi ya wino, akaandika kwa mwandiko mzuri orodha ya sahani atakazopika, akaitundika mbele ya wasaidizi wake. Dakika zile zilizoonekana kama zimepotea ndizo zilizomwokoa, kwa maana tangu hapo kila mtu jikoni alijua la kufanya bila kuuliza. Askari ataitambua karatasi ile mara moja: ilikuwa ni amri ya vita.

Kisha alitengeneza mchuzi wake mashuhuri, ambao watu waliuita Mchuzi wa Uhai. Ulitokana na mwani wa baharini na samaki wa jamii ya jodari, aliyekaushwa kwa moshi hata akawa mgumu kama ubao, kisha akaparazwa. Mchuzi huo ulikuwa msingi wa karibu kila alichokipika. Watazamaji wa nyumbani walijifunza jambo ambalo bibi zetu walilijua: supu nzuri ikiwa tayari, nusu ya kazi imekwisha.

Bingwa wa upishi wa Kifaransa aliyedumu kwa muda mrefu zaidi alikuwa Hiroyuki Sakai, mzaliwa wa Kagoshima kusini mwa Japani, ambaye sahani zake zilipambwa hata akafananishwa na Delacroix, mchoraji mkubwa wa Ufaransa. Mwaka 1999, mashindano yalipofikia ukingoni, ndiye aliyewashinda mabingwa wenzake, kisha akamshinda Alain Passard, mpishi maarufu wa mjini Paris. Mjapani alimshinda Mfaransa katika kupika.

Mwaka 1997 aliongezwa Masahiko Kobe kwa upishi wa Kiitalia. Mwaka 1998 akaja Masaharu Morimoto, mzaliwa wa Hiroshima, ambaye ujanani alitamani kucheza besiboli lakini bega lake likaumia, akashika kisu badala ya gongo. Morimoto alikuwa amefanya kazi New York, na alichanganya vyakula vya Kijapani na vya ng'ambo. Wako wapishi wa jadi waliochukizwa sana na jambo hilo, wakamtumia wapinzani mmoja baada ya mwingine ili kumwonyesha kwamba upishi wa wazee hauchezewi. Ubishi huo haukuisha, wala si wa Japani peke yake. Kila nyumba yenye bibi na mjukuu jikoni imewahi kuusikia.

MWANA WA MWALIMU

Miongoni mwa mabingwa wote, ni mmoja tu aliyekuwapo tangu mwanzo wa mashindano hadi mwisho wake. Huyo ni Chen Kenichi, bingwa wa upishi wa Kichina, mtu mnene mwenye uso wa furaha, aliyevaa vazi la manjano. Habari zake zastahili kusimuliwa peke yake.

Baba yake, Chen Kenmin, alitoka mkoa wa Sichuan nchini China, ambako watu hupenda pilipili kali mno. Alifika Japani mwaka 1952, na mwaka 1958 akafungua mkahawa wake mjini Tokyo. Aliona upesi kwamba Wajapani wa siku zile hawakuzoea ukali wa pilipili za kwao. Kwa hiyo alipunguza ukali, akabadilisha viungo kulingana na vile vilivyopatikana sokoni, na akaisambaza sahani iitwayo mapo tofu, yaani tofu laini ya soya iliyopikwa pamoja na nyama ya kusaga na rojo ya pilipili. Tena hakuuficha ujuzi wake. Alifundisha katika televisheni ya taifa ya NHK namna ya kupika chakula hicho nyumbani, na leo mapo tofu ni chakula cha kawaida katika nyumba za Japani.

Mzee huyo alifariki mwaka 1990. Miaka mitatu baadaye mwanawe alipanda jukwaani na kuitwa Mtu wa Chuma. Fikirini, wasomaji, mzigo aliokuwa ameubeba. Kila aliposhinda, watu walisema amerithi. Kila aliposhindwa, hakushindwa peke yake. Lilishindwa jina la baba aliyewafundisha Wajapani wengi kupika. Juu ya hayo, alipaswa kuendelea kuongoza mikahawa ya familia na wafanyakazi wake.

Chen hakuukimbia mzigo ule. Alipambana mara nyingi kwa miaka yote sita, akashinda mara nyingi na kushindwa mara kadhaa, na aliposhindwa alimpongeza mwenziwe kwa uso mkunjufu. Alifariki tarehe 11 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 67. Mwanawe, Chen Kentaro, ni mpishi wa kizazi cha tatu. Kwa hiyo ujuzi ulioanzia kwa kijana wa Sichuan aliyekuja ugenini bado unapika hadi leo.

KIBAO CHA KUKATIA

Mashindano hayo yalivuka bahari. Televisheni ya Food Network ya Marekani ilivionyesha vipindi vya Kijapani vikiwa vimetiwa sauti za Kiingereza, na watu wakavipenda. Mwaka 2000 pambano maalumu lilifanyika New York kati ya Morimoto na mpishi wa Kimarekani, Bobby Flay. Chakula cha siku kilikuwa kaa.

Siku ile jikoni mlikuwa na maji sakafuni, na Flay alipigwa na umeme alipokuwa akipika, lakini aliendelea hadi mwisho. Muda ulipokwisha, kwa furaha nyingi alipanda juu ya meza na kusimama na viatu vyake juu ya kibao cha kukatia, akainua mikono kuwasalimu watu. Ukumbi ulishangilia. Morimoto alikasirika sana. Alisema kwamba mtu yule si mpishi, kwa kuwa kwa Wajapani kibao na kisu ni vitu vitakatifu. Waonjaji walimpa Morimoto ushindi.

Mwaka uliofuata walikutana tena, safari hii Japani, na Flay akashinda. Alipanda mezani tena, lakini mara hiyo alikiondoa kibao kwanza. Mwaka 2005 mashindano ya Kimarekani yalipoanza rasmi, wote wawili walikuwa miongoni mwa mabingwa wa uwanja mmoja, na wakafanya kazi chini ya paa moja kwa miaka mingi. Baadaye Uingereza, Australia, Thailand na Vietnam nazo zilikuwa na mashindano yao ya namna hiyo.

Kisa cha kibao kina mafundisho kwa kila nyumba. Polisi hasimami juu ya kofia yake, wala mwanajeshi hatupi bunduki yake matopeni, hata kama amefurahi namna gani. Chombo cha kazi huheshimiwa kwa sababu maisha ya watu yanakitegemea. Kibao cha jikoni ni hivyo hivyo. Uchafu wa kiatu, au damu ya kuku mbichi iliyobaki mbaoni kisha kachumbari ikakatwa juu yake, huweza kuwalaza watoto kitandani kwa tumbo la kuendesha. Kibao kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisuguliwe, kisha kianikwe juani kikauke.

JESHI LA JIKONI

Huenda msomaji akauliza: saa moja yatoshaje kuandaa sahani tano za kifahari? Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Jibu ni mpangilio, na mpangilio huo ulitoka jeshini.

Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Prussia, mpishi kijana aliyeitwa Auguste Escoffier, aliyezaliwa mwaka 1846, aliitwa jeshini na kupelekwa katika makao makuu ya Jeshi la Rhine. Jeshi hilo lilizingirwa katika mji wa Metz. Chakula kilipungua siku hadi siku, na Escoffier alilazimika kuwapikia maofisa nyama ya farasi, akitumia kila ujuzi aliokuwa nao ili iweze kulika. Metz ilisalimu amri mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Vita vilipokwisha alirudi katika upishi wa raia, na tangu mwaka 1890 aliongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London. Huko ndiko alikojipatia sifa kwa kulipanga jiko kama kikosi. Zamani mpishi mmoja aliweza kuishughulikia sahani moja tangu mwanzo hadi mwisho, huku mteja akingoja. Escoffier aliigawa kazi. Mmoja akashika michuzi, mwingine nyama za kuoka, mwingine samaki, mwingine vyakula baridi, na wote wakamsikiliza mkuu mmoja. Alipiga vita ulevi, matusi na makelele jikoni. Hadi leo jiko la hoteli kubwa huendeshwa kwa utaratibu wa namna hiyo, na neno la Kifaransa ambalo ulimwengu hulitumia kumwita mpishi mkuu maana yake ni mkuu tu, kama tusemavyo mkuu wa kikosi.

Kwa hiyo, katika ulingo wa Tokyo, bingwa hakushinda peke yake. Wasaidizi wawili walimenya, walichemsha, walikata na kupanga, na ole wao kama wangegongana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kamera ilimfuata bingwa, lakini mtazamaji mwenye macho aliwatazama wasaidizi.

GHARAMA NA MIZANI

Tukisha kusifu, hatuna budi kuuliza. Mashindano hayo yalikula fedha nyingi. Televisheni ya Fuji ilieleza kwamba chakula chote kilichotumika katika miaka ile kiligharimu zaidi ya yeni milioni 800. Humo mlikuwa na maini ya bata walionenepeshwa, uyoga wa thamani unaochimbwa chini ya ardhi, mayai ya samaki yanayouzwa kwa gramu, na mapezi ya papa. Wapishi walimwaga mchuzi usiowaridhisha na kuanza upya, kwa kuwa ghala ilikuwa imejaa.

Mama wa nyumbani hana ghala ile. Yeye akiunguza sufuria ya maharagwe, watoto watalala na njaa au watakula yaliyoungua. Mpishi wa kambi hana alama za ubunifu. Ana idadi ya vichwa, magunia machache ya unga, kuni zilizoloa mvua, na saa ambayo kikosi lazima kiwe kimekula. Kesho yake ataanza tena, na keshokutwa vile vile. Uwanja wa Tokyo ulipima ladha, sura na ubunifu. Haukupima bei. Haukupima kama chakula kinatosha watu wote, wala kama mpishi anaweza kuyafanya hayo siku 365 kwa mwaka bila kushangiliwa.

Hatusemi hayo ili kuwadharau mabingwa wa Japani. Kinyume chake, wao waliuinua upishi mbele ya umma, wakawafanya vijana watamani kazi hiyo, na wakawaonyesha wanaume wengi kwamba mwiko haumvunjii mtu heshima. Bali twasema kwamba mizani yao ilikuwa na upungufu, na upungufu huo twaweza kuujaza nyumbani kwetu.

PAMBANO LA VIAZI VITAMU

Tunawapendekezea wasomaji wetu wa kambini na mitaani mchezo wa mwisho wa juma, unaofuata kanuni ya Tokyo kwa gharama ya nyumbani. Chakula cha siku kiwe viazi vitamu, kwa sababu hupatikana kwa bei nafuu, na vile vyenye rangi ya machungwa ndani vina vitamini A nyingi, ambayo husaidia macho na afya ya watoto. Familia igawanyike makundi mawili. Baba asikae barazani na redio. Achukue kisu na aingie kundi moja. Muda uwe dakika 60. Vyakula vifuatavyo vyaweza kutengenezwa:

Kwanza, matembele. Majani machanga ya viazi yachumwe, yaoshwe vizuri, yakatwe na kuchemshwa kidogo katika maji machache. Yatiwe kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa, kisha yaachwe yatokote taratibu hadi mchuzi uwe mzito. Hapo kitoweo kimepatikana kutoka kwa mmea ule ule uliotupa chakula.

Pili, mseto wa viazi na maharagwe. Maharagwe yawe yamelowekwa usiku na kuchemshwa hadi yameiva kabisa kabla ya pambano, kwa maana saa moja haiyatoshi. Viazi vilivyomenywa vichemshwe, vichanganywe na maharagwe, vipondwe kwa mwiko pamoja na chumvi na kitunguu kilichokaangwa.

Tatu, vipande vya kukaanga. Viazi vikatwe vyembamba, vikaushwe kwa kitambaa safi, kisha vikaangwe vichache vichache. Vikijazwa kwa pamoja, mafuta hupoa na viazi huyanywa.

Nne, viazi vya kuchoma katika majivu ya moto pamoja na maganda yake. Vioshwe kwanza, na vigeuzwe mara kwa mara. Hicho ndicho chakula cha mtoto anayejifunza.

Tano, kitamutamu. Viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika tui la nazi au maziwa ya ng'ombe, vitiwe iliki na sukari kidogo, na vipakuliwe vikiwa vuguvugu.

Waonjaji wawe jirani, bibi na mtoto mmoja mdogo, kwa sababu watoto hawajui kusema uongo juu ya chakula. Watoe zile alama 20 za Japani: 10 za ladha, 5 za sura, 5 za ubunifu. Kisha waongeze alama 10 za kwetu: 5 za usafi wa vyombo na mikono, na 5 za kutopoteza kitu. Maganda yakipelekwa kwa mbuzi au katika shimo la mbolea, kundi lipate alama. Yakitupwa uani, likose.

Katika mchezo huo pawe na tahadhari. Watoto wadogo wasikaribie mafuta ya moto. Mpini wa kaango uelekezwe ndani, usichomoze nje ya jiko. Nyumba zenye umeme zihakikishe kwamba sakafu ni kavu kabla mtu hajagusa swichi, tukikumbuka yaliyompata Flay. Na jiko la makaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa maana moshi wake usioonekana umewaua watu wengi usingizini.

HESHIMA KWA MPISHI

Wapishi wa Chuma walipata sifa kwa sababu mtu aliwasha taa na kuielekeza kamera jikoni. Kazi yenyewe ilikuwako kabla ya taa kuwashwa, na ikaendelea zilipozimwa. Chen Kenichi aliporudi kutoka ulingoni aliwakuta wateja mkahawani wakisubiri sahani ile ile ya baba yake, na ilimpasa aipike vizuri kama jana.

Basi, ndugu msomaji uvaaye sare, utakapoketi leo jioni mbele ya sahani yako, itazame kabla ya kuila. Uliza imepikwa na nani, kwa kuni gani, na kwa fedha kiasi gani. Kisha mshukuru mpishi kwa jina lake, awe ni mkeo, mama yako, au koplo wa mesi. Halafu inuka, uoshe sahani yako mwenyewe.